Kugonga Ribiti kwa Mkono: Breki, Bodi na Chesisi za Magari ya Zamani

Huku kusini mwa Tanzania gari halizeeki kwa miaka, linazeeka kwa kukosa spea. Land Rover za miaka ya sitini na sabini bado utazikuta Masasi na Nachingwea, na msimu wa korosho ukifunguka mwezi wa kumi, malori ambayo wengine wangeyauza kwa kilo yanatolewa uani, yanapakwa rangi na kupelekwa ghalani kubeba magunia. Ukiuliza spea yake Mtwara mjini, unajibiwa "agiza Dar", na Dar iko zaidi ya kilomita 500.

Sehemu nyingi za magari hayo zimeshikwa kwa ribiti, yaani pini yenye kichwa upande mmoja, ambayo mkia wake hupondwa upande wa pili ili ushike: lainingi (tabaka linalosuguana) kwenye viatu vya breki, klachi pleti, mabati ya bodi, klipu za springi, krosimemba (vyuma vya kukatiza) za chesisi. Ribiti ikilegea, vijana wengi wanakimbilia mashine ya kulehemu, wakishindwa huko wanachukua bolti yoyote inayopenya. Kugonga ribiti kwa mkono kunahitaji vifaa vichache, na vingi utavitengeneza mwenyewe kwa vyuma chakavu. Kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, iko kabla ya nyundo: kwenye tundu, kwenye urefu wa ribiti na kwenye kubana pleti zishikane. Fundi anayeharakisha hayo matatu hataokolewa na mkono mzito.

Ribiti, bolti au weldi?

Bolti ya kawaida husimama ndani ya tundu ikiwa na nafasi pembeni. Kinachozuia pleti zisiteleze ni mkazo wa nati tu. Mkazo ukipungua, pleti zinaanza kusuguana, tundu linalika upande mmoja, na hapo hata ukiikaza tena haitulii. Ribiti iliyogongwa sawasawa hunenepa ndani ya tundu mpaka ikalijaza, kwa hiyo mtikisiko wa barabara hauna nafasi ya kuanzia.

Weldi nayo ina lake. Chesisi za malori mengi ni za chuma kilichopikwa kiwandani kiwe kigumu huku kikiweza kunyumbuka. Moto wa kulehemu unakibadilisha chuma hicho kandokando ya mshono, kinakuwa kikavu. Ndiyo maana chesisi iliyolehemiwa hupasuka pembeni mwa weldi, si kwenye weldi yenyewe. Ukikagua lori lililolehemiwa mara kadhaa mahali pamoja utaona ufa umekuwa ukihama sentimita chache kila mara.

Hata hivyo ribiti si dawa ya kila kitu. Usiitumie kwenye mikono ya usukani wala kwenye nanga za mikanda ya viti. Kuna bolijointi (viungo vya gololi vya usukani na saspensheni) zinazotoka kiwandani zikiwa na ribiti, lakini mpya yake huja na bolti zake maalumu. Funga bolti hizo na usijifanye mjuzi.

Vifaa

Unahitaji jiliwa lililofungwa kwenye meza isiyotikisika, drili, biti zenye makali, senta ponchi, tindo, tupa, klampu tatu au nne na vernia ya kupimia unene na vipenyo. Nyundo ziwe za kichwa cha mviringo: ya gramu 250 hivi kwa ribiti za milimita 3, na ya nusu kilo kwa milimita 5 au 6. Kwa ribiti za moto za chesisi utahitaji ya kilo moja hadi moja na nusu.

Baada ya hapo kuna vitu vitatu ambavyo huwezi kuvikuta dukani kwa urahisi, na hivi ndivyo vinavyotofautisha ribiti na msumari uliopondwa.

Cha kwanza ni kikingio, yaani chuma kizito kinachokaa nyuma ya kichwa wakati unagonga mkia. Kiwe kizito kuliko nyundo mara tatu au zaidi, la sivyo nguvu yako inaishia kukirusha kikingio badala ya kuponda ribiti. Kipande cha hafushafti, ile shafti inayozungusha gurudumu, kinafaa sana, hata kichwa cha nyundo kubwa ya mawe kilichobanwa kwenye jiliwa.

Cha pili ni ponchi yenye tundu katikati, pana kidogo kuliko shina la ribiti. Unaivika juu ya mkia kabla ya kuuponda, unaigonga mara moja au mbili, nayo inazisukuma pleti zikutane. Wengi hawana kifaa hiki na hawajui kwamba ndicho kinachowaangusha.

Cha tatu ni ponchi yenye kikombe, ya kuviringishia kichwa. Chukua kipande cha hafushafti chenye urefu wa kiganja, pasha ncha yake moto mpaka iwe ya chungwa, isimamishe kwenye fuawe, weka gololi ya beringi yenye kipenyo kinacholingana na kichwa cha ribiti, kisha ipige chini kwa pigo moja zito kupitia kipande kingine cha chuma. Vaa miwani, kwa sababu gololi ni ngumu na inaweza kupasuka au kuruka. Ncha ikishapata kikombe, ing'arishe, ipashe tena iwe nyekundu, itumbukize kwenye oili. Halafu ipashe taratibu kutokea upande wa nyuma mpaka rangi ya kahawia ikimbilie kwenye ncha, uiache ipoe. Bila hatua hiyo ya mwisho inabaki ngumu kupita kiasi na itamegeka usoni mwako.

Kuchagua ribiti

Kanuni ya kwanza ni kurudisha madini yaleyale yaliyotoka. Kwenye breki na klachi utakuta shaba, shaba nyeupe au chuma kilichopakwa shaba, na mara nyingi mkia wake ni mtupu ndani. Kwenye chesisi ni chuma laini. Kwenye bodi ya Land Rover ya zamani ni aluminiamu, kwa sababu mabati yake ni ya mchanganyiko wa aluminiamu na magnesiamu unaoitwa Birmabright.

Gari likiwa la Kiingereza, vipimo ni vya inchi: 1/8 ni milimita 3.2, 3/16 ni milimita 4.8, na 1/4 ni milimita 6.35. Usilazimishe ribiti ya milimita 5 kwenye tundu la 3/16, wala usiweke ya milimita 6 kwenye tundu la robo inchi ukitegemea itajinenepea yenyewe. Itajinenepea kidogo, lakini huo unene ulikuwa wa kuziba nafasi ndogo tu.

Urefu ndio unaowachanganya wengi. Jumlisha unene wa pleti zote zikiwa zimebanwa, kisha ongeza kipenyo cha ribiti mara moja na nusu. Hicho ndicho kipande kinachotokeza kwa ajili ya kutengeneza kichwa cha duara. Mfano: pleti ya milimita 3 na ya milimita 2, ribiti ya milimita 6. Unene ni 5, nyongeza ni 9, kwa hiyo shina liwe milimita 14. Kama kichwa kitazama ndani ya tundu lililochongwa mdomo, nyongeza ni kama kipenyo kimoja tu, hivyo katika mfano huo shina litakuwa milimita 11. Ribiti ndefu mno hupinda kabla ya kunenepa. Fupi mno hutoa kichwa chembamba, na nyundo inaishia kupiga pleti.

Kama duka la vifaa lina ndefu tu, kata kwa msumeno wa chuma, si kwa koleo, halafu sawazisha ncha kwa tupa. Mkia uliokatwa mshazari utalala upande tangu pigo la kwanza.

Ribiti ya shaba iliyokaa sana au iliyogongwa kidogo huwa ngumu. Ipashe moto iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, itakuwa laini. Aluminiamu haikuonyeshi rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo ipake sabuni ya mche kavu, pasha polepole, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea ondoa moto hapohapo.

Kutoa ya zamani

Piga senta ponchi katikati kabisa ya kichwa. Toboa kwa biti yenye kipenyo cha shina, na ushuke kwa kina cha kichwa pekee. Kichwa kitazunguka na biti au kitabaki kimeshikwa kidogo, kipige kwa tindo kwa ubavu kitoke. Sasa shina lisukume kwa ponchi, huku pleti ikiwa imeegemezwa nyuma kwenye bomba au nati kubwa ili isibonyee.

Usichome ribiti za chesisi kwa gesi kama una njia nyingine. Ni haraka, lakini moto unapanua tundu na kuharibu chuma kinachozunguka, na utalipa muda huo wakati wa kuweka mpya. Saga kichwa kwa grinda, toboa, sukuma.

Ribiti zikishatoka, tenganisha pleti. Hapa ndipo mafundi wa pwani tuna kazi ya ziada. Upepo wa bahari kuanzia Kilwa hadi Mikindani umebeba chumvi, na kutu iliyoingia kati ya pleti mbili inavimba mpaka inazisukuma ziachane. Ukigonga ribiti mpya juu ya kutu hiyo utabana unga, na unga utapukutika baada ya wiki chache. Kwangua mpaka chuma kitupu, paka rangi ya kwanza yenye zinki pande zote mbili, iache ikauke. Pleti iliyopinda inyooshwe sasa, kwa kuwa ribiti haina kazi ya kunyoosha pleti.

Tundu

Kwa ribiti ya baridi, tundu lizidi shina kwa sehemu moja au mbili za kumi za milimita: biti ya 3.3 kwa ribiti ya inchi 1/8, ya 4.9 kwa 3/16, ya 6.5 kwa robo inchi. Kwa ribiti ya moto, zidisha milimita moja, kwa sababu ikiwa nyekundu imetanuka na huna muda wa kubembelezana nayo.

Pleti zitobolewe zikiwa zimebanwa pamoja. Baada ya hapo zifungue uondoe makombo yaliyobaki katikati, maana kombo moja dogo linatosha kuziacha pleti zikiwa na pengo. Ncha kali za tundu zivunje kidogo kwa biti kubwa unayoizungusha kwa vidole.

Tundu lililolika upande mmoja halirudishwi kwa ribiti ileile. Panda saizi moja, lakini pima ukingo kwanza: kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa pleti kusipungue kipenyo cha ribiti mara mbili, na kati ya tundu na tundu mara tatu. Ukikosa nafasi hiyo, pleti yenyewe ndiyo ya kubadilishwa au kuongezewa kiraka.

Kugonga

Fanya kwanza kwenye chakavu cha unene uleule. Hili si la wanagenzi peke yao. Hata mzoefu hajui ulaini wa ribiti alizouziwa leo mpaka aponde moja.

Ingiza ribiti, kichwa kikae kwenye kikingio. Kama kichwa ni cha duara, kikingio kiwe na kikombe chake, ama sivyo utakibapaza. Vika ponchi yenye tundu kwenye mkia, gonga pleti zikutane. Toa ponchi. Sasa piga mkia kwa uso bapa wa nyundo, wima kabisa, mapigo mawili au matatu mazito. Haya ndiyo yanayonenepesha shina ndani ya tundu. Ukianza kwa vipigo vidogo vingi, unaponda ncha tu, inafunguka kama uyoga juu ya shina ambalo bado linacheza, na kwa macho huwezi kujua.

Mkia ukishafupika, geuza upande wa mviringo wa nyundo na uzunguke ukingo wake kwa mapigo mepesi mpaka upate umbo la kuba. Maliza kwa ponchi ya kikombe, pigo moja au mawili. Acha hapo. Kuendelea kugonga kunaifanya shaba na aluminiamu kuwa ngumu na kupasuka ukingoni.

Mkia bapa, usioviringishwa, unatosha sehemu nyingi za ndani. Upana wake uwe kipenyo cha shina mara moja na nusu, na kimo nusu ya kipenyo.

Ikilala upande, usijaribu kuirudisha kwa kuipiga upande wa pili. Itoe.

Lainingi za breki

Kazi hii ndiyo inayoletwa zaidi, na ndiyo yenye hatari mbili, moja ya barabarani na nyingine ya mapafu.

Nianze na mapafu. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kuitambua kwa kuitazama. Vumbi lake halikufanyi ukohoe leo. Linakaa kifuani na ugonjwa hutokea miaka mingi baadaye. Kwa hiyo usipulize drami (ngoma ya breki) kwa kompresa, usifagie, usisage lainingi kavu. Lowanisha kila kitu kwa maji ya sabuni kwa chupa ya kunyunyizia, futa kwa tambara bichi, tambara liingie kwenye mfuko wa plastiki na ufungwe. Vaa barakoa yenye chujio la vumbi laini (FFP3 au P100) inayobana usoni. Ile ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Watoto wanaokaa gereji baada ya shule waondoke siku hiyo, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Toa lainingi ya zamani kwa kutoboa mikia kutoka ndani ya kiatu, siyo kwa kuichana kwa tindo. Tindo linapindisha kiatu. Kiatu kikiwa kitupu, kioshe, kisugue, kitazame matundu yake na ulinganishe mzingo wake na cha mwenzake. Kiatu kilichopinda hakifai hata ukikivika lainingi ya bei gani. Lainingi iliyolowa mafuta ya breki au grisi usiioshe na kuirudisha, mafuta yanarudi juu ikipata moto. Tafuta yalikotoka: mpira wa silinda ya gurudumu au sili ya ekseli.

Lainingi mpya ikija imetobolewa, kazi ni nyepesi. Ikija haijatobolewa, ibane kwenye kiatu kwa klampu, anzia katikati, hakikisha imekaa mwili kwa mwili na kiatu. Toboa kupitia matundu ya kiatu. Igeuze, upanue upande wa uso kwa biti iliyosagwa ncha iwe bapa, ili kichwa cha ribiti kizame. Kina chake kipime kwenye lainingi ya zamani, pale mwishoni ambapo haikulika sana: unene uliobaki chini ya kichwa ndio unaoshika lainingi, na nafasi iliyo juu ya kichwa ndiyo maisha ya breki. Ukizamisha sana, lainingi itachanika kwenye ribiti. Ukizamisha kidogo, vichwa vitafika kwenye drami mapema na kuichora.

Sasa simamisha pini ya chuma kwenye jiliwa, ncha yake bapa na nyembamba kuingia kwenye shimo la kichwa. Weka ribiti, kalisha kiatu juu ya pini ili kichwa kiegemee pini na mkia uonekane ndani ya kiatu. Anza na ribiti za katikati, kisha nenda kulia na kushoto kwa kupokezana hadi mwisho. Ukianzia miisho, lainingi inajikunja juu katikati, na pengo hilo litalia, litapata moto na mwishowe litapasua lainingi.

Mkia wenye tundu haupondwi kama wa chuma kizima. Ufungue kwanza kwa ponchi yenye ncha ya koni, mapigo mepesi, halafu uukunje nje kwa ponchi yenye bega la mviringo mpaka ulale kwenye kiatu. Ukipasuka kidogo ukingoni hauna neno. Ukipasuka kushuka hadi shinani, toa uweke mwingine. Nyundo ikizidi, lainingi inapasuka kuzunguka tundu, na ufa huo unaweza kuwa mwembamba kama unywele, kwa hiyo geuza kiatu utazame kila baada ya ribiti.

Misumari iliyokatwa isitumike, hata kama mwenye gari anasisitiza kwamba ana haraka. Ni migumu, inahitaji mapigo ambayo lainingi haiyawezi, na siku lainingi ikiisha inachimba drami.

Ukimaliza, pitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia pengo) ya milimita 0.25 kati ya lainingi na kiatu. Isiingie popote. Jaribu kuizungusha kila ribiti kwa koleo, isizunguke. Punguza miisho ya lainingi kwa mshazari kwa tupa, ikiwa imelowana. Paka chaki ndani ya drami, funga, zungusha gurudumu huku breki ikigusa kidogo, fungua utazame ilipogusa. Ikigusa ncha mbili tu au katikati tu, drami pengine imeshachongwa kuwa kubwa kuliko lainingi ya kawaida. Magurudumu mawili ya ekseli moja yafanywe pamoja, upande mmoja ukiwa mpya na mwingine mzee gari litavuta.

Breki mpya zizoeshwe barabara tambarare bila mzigo: kimbiza hadi kilomita 40 kwa saa, punguza taratibu, ziache zipoe, rudia mara kadhaa. Mteja akitaka kuteremka mteremko wa Newala na magunia siku ileile, mkatalie funguo. Ninasema kwa uzito wote.

Klachi pleti

Utaratibu ni uleule na tofauti ni tatu. Ribiti zinapokezana, moja kichwa upande huu na inayofuata upande ule, kwa hiyo chora alama kabla hujatoa chochote. Mapigo yawe mepesi zaidi, kwa kuwa majani ya chuma ya katikati ni membamba na yamepindwa makusudi ili klachi ishike polepole. Na baada ya kumaliza, izungushe kwenye shafti yake uone kama inayumba. Springi za katikati zikiwa zimelegea au meno yamekwisha, usipoteze ribiti zako.

Bodi ya aluminiamu

Hapa adui ni chumvi na madini mawili yanayogusana. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevunyevu wa chumvi huliwa, na ikigusana na shaba huliwa haraka zaidi. Unga mweupe unaouona kwenye Land Rover pale bati linapokutana na fremu ya chuma ndio huo. Weka ribiti za aluminiamu kwenye aluminiamu, na pale bati linapokaa juu ya chuma, paka rangi pande zote mbili na uweke silanti katikati.

Kazi inataka watu wawili, mmoja na nyundo, mwingine na kikingio ndani. Mkubaliane maneno: "weka", "piga", "toa". Mwenye kikingio akichoka mkono akanyamaza, bati litabonyea. Kabla ya kugonga, shikisha bati kwa bolti ndogo kila tundu la tatu, anza katikati, elekea miisho. Ukianza upande mmoja na kusonga, bati linasukumwa na tundu za mwisho hazitakutana.

Pasipofikika kwa mkono nyuma, tumia ribiti za popu, zile za kuvutwa kwa koleo lake. Si aibu. Chagua zilizozibwa mwisho ili maji yasipenye, na usizitumie kwenye chochote kinachobeba uzito.

Chesisi kwa moto

Ribiti za chuma za milimita 6 unaweza kuziponda baridi. Kuanzia 10 kwenda juu, kwa mkono, ni moto. Kati ya hapo inategemea bega lako, ila mimi ningeipasha.

Lori lipumzike kwenye stendi, si jeki. Tenganisha betri. Ondoa au funika mabomba ya breki, nyaya na tangi la mafuta, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Banisha krosimemba kwa bolti kwenye matundu mengine huku ukiacha lile unalolifanyia kazi.

Ribiti ipashwe yote kwa usawa kwenye mkaa unaopulizwa hewa, mpaka iwe ya chungwa angavu. Ikianza kutoa cheche imeungua, itupe. Mmoja anaitoa kwa koleo, anaigonga chini ili magamba yadondoke, anaiingiza. Wa pili anabana kikingio kwenye kichwa kwa nguvu zote. Wa nyundo hapotezi muda: mapigo mazito ya wima, kisha kuzunguka, kisha ponchi ya kikombe. Mna sekunde chache tu. Rangi ikishuka kuwa nyekundu iliyofifia, acheni hata kama kichwa hakijapendeza, kwa sababu kuipiga zaidi ya hapo kunaipasua. Ipoe yenyewe bila maji. Inapopoa inafupika, na huko kufupika ndiko kunakobana pleti kuliko nyundo yoyote.

Kama huna msaidizi wa kuaminika, au tundu liko mahali ambapo kikingio hakikai, usilazimishe. Bolti za daraja la nguvu la 8.8 au 10.9 ni mbadala halali ikiwa tundu limesawazishwa kwa rima (biti ya kulainisha tundu) pleti zote zikiwa pamoja, bolti inaingia kwa kugongwa kidogo, sehemu isiyo na nyuzi ndiyo inayopita kwenye pleti, na nati ni ya kujifunga. Bolti ya kuokota yenye nyuzi ndani ya tundu ni njia ya kurudi gereji.

Kukagua

Weka kidole upande mmoja wa ribiti, gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo kutokea ubavuni. Iliyoshika hutoa mlio mkavu na kidole hakihisi kitu. Iliyolegea inatetemeka chini ya kidole. Kichwa kisichogusa pleti pande zote, fila geji itakuonyesha.

Gari likisharudi barabarani, dalili ni michirizi ya kutu inayotoka chini ya kichwa, au rangi iliyopasuka duara kukizunguka. Ribiti moja ikionyesha hivyo, jirani zake zinabeba mzigo wake, kwa hiyo kagua safu nzima kwa kuigonga hivyo kabla ya kuamua ni ngapi za kutoa. Chesisi iangaliwe baada ya safari za kwanza zenye mzigo, na breki baada ya wiki mbili: pima unene uliobaki juu ya vichwa vya ribiti, na ukifika milimita moja, lainingi itoke.